Kupata baki la polinomia pale kigawanyo kinapokuwa na digrii ya pili

Mdadisi

Habari zenu. Naomba msaada katika aljebra, upande wa kugawanya polinomia. Kanuni ya Baki ninaielewa pale kigawanyo kinapokuwa cha namna ya x − a: badala ya kugawanya, unaweka a mahali pa x, na thamani inayopatikana ndiyo baki. Kinachonitatiza ni pale kigawanyo kinapopanda digrii, yaani kipeo kikubwa zaidi cha x. Swali ninalolishughulikia linasema hivi:

Polinomia P(x) ikigawanywa kwa x − 2 hubakisha 7, na ikigawanywa kwa x + 3 hubakisha −8. Tafuta baki endapo P(x) itagawanywa kwa x² + x − 6.

Sikupewa P(x) yenyewe wala digrii yake, kwa hiyo hakuna kitu ninachoweza kukiandika na kuanza kukigawanya. Ninaosoma nao wametofautiana. Mmoja anashikilia kwamba mabaki yazidishwe, kwa kuwa x² + x − 6 ni zao la x − 2 na x + 3, hivyo jibu liwe −56. Mwingine anasema taarifa hazitoshi na swali halina jibu.

Lipo pia swali la pili katika zoezi hilohilo: tafuta baki la x⁵⁰ + 3x¹⁷ − 4 likigawanywa kwa x² − 1. Hapa polinomia imetolewa, lakini kuigawanya kwa njia ndefu kutoka kipeo cha 50 kushuka chini ni kazi ya kurasa kadhaa, na sidhani kama mtungaji alikusudia hivyo. Ningefurahi zaidi kuelezwa sababu kuliko kupewa jibu peke yake.

Mwalimu_Hisabati

Karibu, Mdadisi. Swali la kwanza lina jibu, tena ni moja tu, ila halionekani mpaka Kanuni ya Baki irudishwe kwenye chanzo chake. Wengi huikariri kama amri ya kuweka a mahali pa x, wakasahau kwamba imezaliwa na usawa huu:

P(x) = D(x)·Q(x) + R(x)

P ni polinomia inayogawanywa, D ni kigawanyo, Q ni hisa, yaani jibu la kugawanya, na R ni baki. Kuna mambo mawili ambayo hayatakiwi kutenganishwa. Kwanza, usawa huu ni kweli kwa kila thamani ya x, na kwa sababu hiyo tuna uhuru wa kuchagua thamani itakayotufaa. Pili, digrii ya R lazima iwe ndogo kuliko digrii ya D, kwa maana ingekuwa sawa nayo au kubwa kuliko hiyo, kugawanya kungekuwa bado hakujaisha.

Kigawanyo kikiwa x − a, digrii yake ni 1, basi baki haliwezi kuwa na x ndani yake. Ni namba tupu, tuiite c. Tukichagua x = a, sehemu yote ya D·Q inakuwa sifuri hata kama Q hatuijui kabisa, na kinachosalia ni P(a) = c. Kanuni ya Baki haina zaidi ya hayo.

Sasa tuje kwenye kigawanyo chako. Digrii ya x² + x − 6 ni 2, kwa hiyo baki linaweza kuwa na x ya kipeo cha kwanza, na umbo lake la jumla ni R(x) = mx + n, ambapo m na n ni namba tunazozitafuta. Tunaandika:

P(x) = (x − 2)(x + 3)·Q(x) + mx + n

Thamani zinazoifuta ile sehemu ya kwanza ni mbili, yaani x = 2 na x = −3. Kwa x = 2 tunapata P(2) = 2m + n, na P(2) tunaijua, kwa sababu ndiyo baki la kugawanya kwa x − 2, yaani 7. Kwa x = −3 tunapata −3m + n = −8. Ukiutoa mlinganyo wa pili kutoka wa kwanza, 5m = 15, basi m = 3, na n = 7 − 6 = 1. Baki ni 3x + 1.

Rafiki yako wa −56 anaweza kujibiwa kwa mstari mmoja. Kama baki lingekuwa −56, basi kwa x = 2 tungepata P(2) = −56, ilhali tumeambiwa kwamba P(2) ni 7. Kosa lake halipo kwenye kuzidisha tu. Ameanza kwa kudhani kwamba baki ni namba tupu, jambo ambalo ni la lazima pale tu kigawanyo kinapokuwa na digrii ya 1. Kabla ya kuandika chochote, jiulize kwanza digrii ya kigawanyo ni ngapi, maana ndiyo inayokuambia baki lina nafasi ngapi za kujazwa.

Yule wa pili, aliyesema taarifa hazitoshi, yuko karibu na jambo la kweli. Hazitoshi kuitambua P(x). Polinomia 3x + 1 yenyewe inatimiza masharti yote mawili, na x² + 4x − 5 nayo inayatimiza: kwa x = 2 inatoa 4 + 8 − 5 = 7, na kwa x = −3 inatoa 9 − 12 − 5 = −8. Polinomia za aina hiyo hazina mwisho. Lakini zote, ukizigawanya kwa x² + x − 6, zinaacha baki lilelile. Sababu ni kwamba kama mbili kati yake zingeacha mabaki tofauti, tofauti ya mabaki hayo ingekuwa polinomia ya digrii isiyozidi 1 ambayo inakuwa sifuri katika sehemu mbili, yaani kwenye 2 na kwenye −3. Na polinomia ya namna mx + n haiwezi kuwa sifuri katika sehemu mbili isipokuwa m na n zote ziwe sifuri.

Swali lako la pili linafuata njia hiyohiyo. Mizizi ya x² − 1, yaani thamani za x zinazoifanya kuwa sifuri, ni 1 na −1. Kwa x = 1 polinomia inatoa 1 + 3 − 4 = 0, na kwa x = −1 inatoa 1 − 3 − 4 = −6, kwa kuwa 50 ni shufwa na 17 ni witiri. Basi m + n = 0 na −m + n = −6; ukijumlisha, 2n = −6, hivyo n = −3 na m = 3. Baki ni 3x − 3.

Kalamu_na_Karatasi

Maelezo ya Mwalimu yamekamilika, nami sina la kupinga ndani yake. Ninachotaka ni kuitetea kidogo kazi ya kugawanya, kwa sababu wanafunzi wakishapata njia ya kuweka thamani huitupa ile nyingine, kisha wanakwama siku wanapoulizwa hisa na baki kwa pamoja.

Chukua x⁴ − 3x² + 5 kugawanywa kwa x − 2. Njia fupi inahitaji vizigeu tu, yaani namba zinazozidisha vipeo vya x. Andika mstari wa 1, 0, −3, 0, 5. Shusha 1 ya kwanza. Izidishe kwa 2 na ujumlishe na 0, unapata 2. Izidishe hiyo kwa 2 na ujumlishe na −3, unapata 1. Tena kwa 2 na ujumlishe na 0, unapata 2. Mwisho kwa 2 na ujumlishe na 5, unapata 9. Namba ya mwisho ndiyo baki, na zilizotangulia ni vizigeu vya hisa, yaani x³ + 2x² + x + 2. Ukiweka x = 2 kwenye polinomia yenyewe, 16 − 12 + 5 nayo ni 9.

Zitazame zile sifuri mbili kwenye mstari wa vizigeu, kwa sababu ndipo alama nyingi zinapopotelea. Hakuna x³ wala x katika polinomia hii, na mwanafunzi mwenye haraka ataandika 1, −3, 5 na kuendelea. Atashusha 1, atapata −1, kisha 3, na atajibu kwamba baki ni 3. Hesabu yake itakuwa safi kila hatua, isipokuwa ameigawanya x² − 3x + 5, polinomia nyingine kabisa, ambayo kweli kwa x = 2 inatoa 3. Kosa la aina hii halionekani hata ukirudia kuzidisha na kujumlisha mara ngapi. Linaonekana tu ukihesabu nafasi. Polinomia ya digrii ya 4 lazima iwe na vizigeu vitano, na vikipungua kuna kilichosahaulika.

Njia hii kwa kawaida hupewa jina la Mwingereza William George Horner, aliyeiwasilisha mwaka 1819, ingawa Mwitaliano Paolo Ruffini alikuwa ameshaandika utaratibu wa namna hiyo mwaka 1804, na Qin Jiushao wa China aliutumia katika kitabu chake cha mwaka 1247. Wote watatu walikuwa wanatafuta mizizi ya milinganyo mikubwa kwa kuikaribia hatua kwa hatua, kazi inayohitaji kupata thamani ya polinomia mara nyingi, na njia hii huipata thamani hiyo bila kukokotoa vipeo: x⁴ − 3x² + 5 inageuka kuwa mfululizo wa kuzidisha na kujumlisha tu. Kwa maneno mengine, hawakuweka mpaka kati ya kugawanya na kuweka thamani, na sisi tusiuweke.

Jambo la mwisho linahusu vigawanyo kama 2x − 1, ambavyo havianzi na x peke yake. Mzizi wake ni ½, na baki linapatikana kwa kuweka ½. Kwa 4x³ + 2x² − 6x + 5, njia fupi yenye ½ inatoa 4, 4, −4, na mwisho 3. Baki ni 3. Lakini 4x² + 4x − 4 ni hisa ya kugawanya kwa x − ½. Ukigawanya kwa 2x − 1, kigawanyo kimeongezeka mara mbili, kwa hiyo hisa inapungua nusu na kuwa 2x² + 2x − 2, ilhali baki halisogei. Hili huwashangaza waliozoea namba kamili, ambako 17 ikigawanywa kwa 5 hubakisha 2 na ikigawanywa kwa 10 hubakisha 7. Katika polinomia hisa ina ruhusa ya kuchukua sehemu, nayo hubeba mabadiliko yote.

Mdadisi

Nawashukuru sana wote wawili. Sasa ninaona kwamba baki linabanwa na mizizi ya kigawanyo, na kwamba kila mzizi unatoa mlinganyo mmoja. Hapo hapo yamezuka maswali mawili. Je, kigawanyo kikiwa x² + 1, ambacho hakina mzizi wowote katika namba halisi, nitaweka nini? Na kikiwa (x − 1)², kina mzizi mmoja tu, nami ninahitaji m na n, kwa hiyo nitabaki na mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili. Tuseme polinomia ni ileile, x⁵⁰ + 3x¹⁷ − 4.

Mwalimu_Hisabati

Maswali yako yamegusa mahali ambapo njia ya kuweka thamani, kama nilivyoieleza, inaishiwa. Unaweza kuiendeleza kwa namba changamano, ukaweka i, ambapo i² = −1, na itafanya kazi bila tatizo. Lakini ipo njia ambayo haihitaji kutoka nje ya aljebra ya kawaida, nayo mimi huipenda zaidi kwa sababu inaonyesha baki ni kitu gani.

Kugawanya kwa x² + 1 maana yake ni kutupa kila kitu ambacho ni zao la x² + 1 na kubakisha kilichosalia. Kama x² + 1 inahesabiwa kuwa si kitu, basi x² inaweza kubadilishwa na −1 popote inapoonekana, na baki halitaathirika, kwa kuwa tofauti kati ya x² na −1 ni x² + 1 yenyewe. Basi x⁵⁰ ni (x²)²⁵, inageuka kuwa (−1)²⁵, yaani −1. Na x¹⁷ ni x·(x²)⁸, inageuka kuwa x. Kilichosalia ni −1 + 3x − 4, yaani 3x − 5. Digrii yake ni ndogo kuliko 2, kwa hiyo kazi imekwisha, na hilo ndilo baki.

Jaribu njia hiyo kwenye kigawanyo cha awali, x² − 1. Hapo x² inabadilishwa na 1, x⁵⁰ inakuwa 1, x¹⁷ inakuwa x, na jumla ni 1 + 3x − 4 = 3x − 3, jibu lilelile tulilolipata kwa mizizi.

Kwa (x − 1)² nitashauri kitu kingine: hamisha mahali pa kuanzia. Andika x = 1 + t. Kigawanyo kinakuwa t², na kugawanya kwa t² ni kazi nyepesi kuliko zote, kwa maana baki ni vile vipande visivyofikia t², yaani namba tupu na kipande cha t. Sasa, (1 + t)⁵⁰ ukiifungua huanza na 1 + 50t, na vyote vinavyofuata vina t² au zaidi. Vivyo hivyo 3(1 + t)¹⁷ huanza na 3 + 51t. Ukijumlisha na −4, namba tupu zinafutana, 1 + 3 − 4 = 0, na t inapata 50 + 51 = 101. Baki ni 101t, na tukirudisha x, ni 101(x − 1), yaani 101x − 101.

Wanaojua kalkulasi watatambua kwamba 101 ni kiwango cha mabadiliko ya polinomia pale x inapokuwa 1, na kwamba baki lote ni mlinganyo wa mstari unaougusa mchoro wake mahali hapo. Mzizi unaojirudia mara mbili unatoa taarifa mbili: thamani ya polinomia na mwinuko wake. Kwa hiyo ule mlinganyo wa pili uliouona umekosekana upo, ila umejificha ndani ya mwinuko.

Biti_Moja

Naomba kuongeza mambo mawili, moja la kukokotoa na jingine la matumizi.

La kukokotoa linahusu swali la kwanza. Tuseme kesho utaambiwa pia kwamba P(x) ikigawanywa kwa x − 1 hubakisha 12, na uulizwe baki la kugawanya kwa (x − 2)(x + 3)(x − 1). Wengi wangefuta kila kitu na kuanza upya na visivyojulikana vitatu. Hakuna haja. Baki jipya lazima liendelee kutoa 7 kwenye 2 na −8 kwenye −3, kwa hiyo liandike kama 3x + 1 + k(x − 2)(x + 3), ambapo kipande kilichoongezwa hakigusi zile thamani mbili za mwanzo. Kwa x = 1 tunapata 4 + k(−1)(4) = 12, basi k = −2, na baki ni 3x + 1 − 2(x² + x − 6), yaani −2x² + x + 13. Kila taarifa mpya inaongeza kipande kimoja na kuacha kazi ya zamani salama.

La matumizi ni kwamba mabaki ya polinomia hukokotolewa kila unapotumia mtandao, pengine kuliko hesabu nyingine yoyote ya aljebra unayosoma darasani. Kompyuta inapotuma taarifa huzichukulia biti zake kuwa vizigeu vya polinomia, ambavyo ni 0 au 1 tu, na hujumlisha kwa sharti kwamba 1 + 1 = 0. Hugawanya polinomia hiyo kwa kigawanyo kilichokubaliwa, kisha hubandika baki mwishoni mwa taarifa. Mpokeaji hugawanya tena; akipata baki lisilo sifuri anajua kuna biti iliyoharibika njiani. Utaratibu huu uliandikwa na W. Wesley Peterson mwaka 1961, na mitandao ya Ethernet hutumia kigawanyo cha digrii ya 32.

Mfano mdogo unaweza kufanywa kwa mkono kwa njia ya kubadilisha aliyoieleza Mwalimu. Taarifa ni 1101, yaani x³ + x² + 1, na kigawanyo ni x³ + x + 1. Kwanza tunazidisha taarifa kwa x³ ili kuacha nafasi tatu za baki, tunapata x⁶ + x⁵ + x³. Kwa kuwa 1 + 1 = 0, kutoa na kujumlisha ni jambo moja, hivyo x³ inabadilishwa na x + 1. Basi x⁶ ni (x + 1)², yaani x² + 1, maana 2x imefutika. Nayo x⁵ ni x²·x³, yaani x³ + x², ambayo inakuwa x² + x + 1. Jumlisha vyote vitatu: x² zipo mbili, zinafutana, x zipo mbili, zinafutana, 1 zipo tatu, inasalia moja. Baki ni 1, linaandikwa 001, na kinachotumwa ni 1101001. Biti yoyote moja ikigeuka njiani, mpokeaji hatapata sifuri, kwa sababu kugeuka kwa biti moja ni kuongeza x kwa kipeo fulani, na hakuna kipeo cha x kinachogawanyika kwa x³ + x + 1 bila kubakisha.

Mdadisi

Nimefuatilia mfano huo kwa kalamu na umenikaa vizuri. Nimejitungia zoezi ili nijipime: polinomia ileile, x⁵⁰ + 3x¹⁷ − 4, kugawanywa kwa x² + x + 1. Niliona kwamba (x − 1)(x² + x + 1) = x³ − 1, kwa hiyo x³ inaweza kubadilishwa na 1. Kwa kuwa 50 ni 48 + 2, x⁵⁰ inakuwa x². Kwa kuwa 17 ni 15 + 2, x¹⁷ nayo inakuwa x². Jumla ni x² + 3x² − 4 = 4x² − 4. Je, hili ndilo baki? Na ninawezaje kulihakiki, ikiwa siwezi kuigawanya polinomia yenyewe?

Mwalimu_Hisabati

Kutambua kwamba x³ inageuka kuwa 1 ni hatua nzuri sana, na ndiyo inayofaa kwa kigawanyo hiki. Lakini pima digrii: 4x² − 4 ina digrii ya 2, sawa na ya kigawanyo, kwa hiyo bado kuna kitu cha kutupa. Wewe umegawanya kwa x³ − 1, na kwa kigawanyo hicho 4x² − 4 ni baki halali. Kwa x² + x + 1 inabidi uendelee hatua moja: x² inabadilishwa na −x − 1, hivyo 4x² − 4 inakuwa −4x − 4 − 4, yaani −4x − 8. Hapo digrii ni 1, na ndipo pa kusimama.

Kuhusu kuhakiki, rudi kwenye usawa wa mwanzo na uweke namba kamili yoyote iliyo rahisi, si lazima iwe mzizi. Polinomia yako na kigawanyo chako vina vizigeu ambavyo ni namba kamili, na kigawanyo kinaanza na x² isiyozidishwa kwa kitu, kwa hiyo hisa nayo ina vizigeu vya namba kamili. Ukiweka x = 1, kigawanyo ni 3, polinomia ni 0, na baki ni −12. Tofauti yake ni 12, nayo inagawanyika kwa 3, kama inavyotakiwa. Mtu aliyekosea alama akaandika 4x − 8 angepata baki la −4 na tofauti ya 4, ambayo haigawanyiki kwa 3, na kosa lingefichuka papo hapo. Usiweke 0 wala −1 hapa, kwa sababu kwa thamani hizo kigawanyo ni 1, na kila namba inagawanyika kwa 1, hivyo hautajifunza chochote.

Kuhakiki huku kunakamata makosa, hakuthibitishi jibu. Ile 4x² − 4 nayo ingepita, kwa kuwa kwa x = 1 inatoa 0, na haitofautiani na baki la kweli ila kwa zao la kigawanyo. Ndiyo maana digrii hupimwa kwanza, kisha ndipo namba ziwekwe.

Mdadisi

Nimeweka x = 4, ambapo kigawanyo ni 21, nikafuata mabaki ya vipeo vya 4 yakigawanywa kwa 21: yanazunguka 4, 16, 1, kisha yanarudi 4. Kwa hiyo 4⁵⁰ na 4¹⁷ zote zinabakisha 16, na polinomia inabakisha sawa na 16 + 48 − 4, yaani 60. Upande wa pili, −4x − 8 inatoa −24. Tofauti ni 84, nayo ni 21 mara 4. Nashukuru, sasa ninaendelea na vigawanyo vya digrii ya 3.